Habari za Mavazi ya Kupigia Picha

Mwaka jana, zilipobaki siku chache watoto wetu wa darasa la saba wafanye mahafali yao, alikuja kijijini mpiga picha mmoja kutoka mjini, naye akakubali kumpiga kila mtoto picha yake peke yake kwa bei nafuu. Wasichana hawakuwa na taabu, maana mama zao walikuwa wamekwisha kufua sare na kuzipiga pasi tangu siku iliyotangulia. Lakini miongoni mwa wavulana wako waliokuwa na mashati yaliyochanika ukosi, na mmoja alikuwa ametia pini mahali pa kifungo. Basi nikalivua koti langu jeusi la Jumapili, nikamvika wa kwanza. Alipokwisha kupigwa akalivua, akalivaa wa pili. Hata wavulana 11 wakapigwa picha katika koti moja. Wale wafupi tuliwakunjia mikono ya koti kwa ndani, wala haikuonekana.

Picha zilipoletwa, babu wa mmoja wao, mzee asiye na desturi ya kuficha neno, alizipanga zote mezani pangu, akazitazama moja moja, kisha akaniuliza, "Mwalimu, watoto hawa 11 wamezaliwa na koti moja?" Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Mjukuu wangu hana koti. Siku nitakapokuwa sipo, watoto wake wataitazama picha hii na kusema, baba yetu alikuwa mtoto wa watu wenye makoti. Miaka 7 umewafundisha kuandika kweli, na siku ya mwisho umewapiga picha ya uongo."

Neno lile lilinichoma, na siku ile sikuwa na jibu. Lakini kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha historia, nalikwenda kulitafuta jibu mahali nilipozoea, yaani katika habari za watu waliotutangulia. Hasa nalitazama habari za Marekani, maana huko ndiko picha ya mwanafunzi amalizaye shule ilikopata nguvu kubwa, hata ikawa kama sehemu ya masomo yenyewe, na wazazi na watoto hushindana juma zima juu ya nguo itakayovaliwa.

Ufundi wa kupiga picha ulitangazwa katika mji wa Paris mwaka 1839, na sifa yake akaipata Mfaransa aitwaye Louis Daguerre. Yeye alitumia bamba la shaba lililofunikwa kwa fedha, akalifukiza mvuke wa aidini ili lipate kuona mwanga, na baadaye mvuke wa zebaki ili sura itokee. Kabla mwaka ule haujaisha, kijana mmoja wa Philadelphia, jina lake Robert Cornelius, ambaye jamaa yake walikuwa watengenezaji wa taa, aliiweka kamera nyuma ya duka lao, akaketi mbele yake, akajipiga mwenyewe. Picha ile ingaliko hata leo, nayo ni mojawapo ya picha za kwanza kabisa za uso wa mtu. Nywele zimetimka, na koti limekaa ovyo. Yaonekana kwamba alikuwa akifikiri kama chombo kitafanya kazi au la, wala hakuwa na nafasi ya kufikiri ukosi wake. Lakini wale waliomfuata, karibu wote, walifikiri.

Nao walikuwa na sababu nyingine zaidi ya majivuno. Mabamba ya zamani hayakuziona rangi kama jicho la mtu linavyoziona. Buluu ilitoka nyeupe, na nyekundu na manjano zikatoka nyeusi. Binti aliyekuja na gauni la buluu ya mbingu alijikuta katika picha kama aliyevaa nguo ya ubatizo, na bwana mwenye tai nyekundu akaonekana kama aliyefiwa. Tena bamba lilichukua muda kupokea mwanga, hata mtu akafungiwa chuma nyuma ya kichwa kimshike asitikisike. Na katika muda huo nguo nyeupe kabisa iliwaka kama moto kabla uso haujapata kuonekana vizuri. Ndiyo maana wapiga picha wa siku zile waliwasihi watu waje na nguo za rangi ya giza. Sisi tukizitazama picha zile twasema, "Watu wa kale walipenda nyeusi." Labda walipenda, lakini bamba nalo lilipenda. Mabamba yaonayo rangi zote yalianza kuuzwa mwaka 1906, ikachukua miaka mingine mingi kabla hayajaenea.

Wanafunzi walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuitaka kazi hii. Hata kabla ya kamera, vijana waliomaliza katika chuo cha Yale mwaka 1806 walikatiwa picha za kivuli, nyeusi tupu, za upande mmoja wa uso, zikafungwa pamoja. Hapo nguo haikuwa na kazi, ila ncha ya ukosi tu. Katika miaka ya 1860 mpiga picha mmoja wa Massachusetts, George Kendall Warren, alijipatia riziki kubwa kwa kuwapiga vijana wa Harvard, Yale, Princeton na vyuo vingine. Kila kijana akanunua nakala za picha yake, akabadilishana na wenzake, kisha akazifunga zote kuwa kitabu. Baadaye ufundi wa kuchapa picha kwa wino pamoja na maneno ulipokuwa rahisi, kitabu cha mwaka cha shule kikazaliwa, na kutoka vyuoni kikashuka hata shule za sekondari za miji midogo.

Lakini wote niliowataja walikuwa vijana wenye makoti yao wenyewe. Neno la yule mzee lilihusu mtoto asiye na koti. Kwa hiyo nalimtafuta mtu aliyeanza bila koti, nikampata Frederick Douglass.

Douglass alizaliwa mtumwa katika jimbo la Maryland mwaka 1818. Katika kitabu cha maisha yake alichokitoa mwaka 1845 anaeleza kwamba watoto wa shamba lile, wasioweza bado kazi ya jembe, walipewa kila mmoja mashati mawili ya kitani kigumu kwa mwaka mzima. Hawakupewa viatu, wala soksi, wala koti, wala suruali. Mashati yale yakichakaa, walikaa uchi mpaka siku ya mgawo mwingine, wavulana kwa wasichana, hata wakati wa baridi. Mwaka 1838, alipokuwa na miaka 20, alitoroka kutoka Baltimore kwa gari la moshi hali amevaa nguo za baharia: shati jekundu, kofia ya mabaharia, na tai nyeusi shingoni, na mfukoni alikuwa na hati ya kuazima ya baharia mweusi aliye huru. Sura iliyoelezwa katika hati haikufanana na yake. Lakini kondakta aliitupia jicho tu, akaridhika, maana mtu aliyekuwa mbele yake alivaa kama baharia na kusema kama baharia.

Basi, ndugu msomaji, fikiri. Kama mtu angempiga picha mle garini, ingekuwa picha ya uongo: nguo si zake, na hati si yake, wala yeye si baharia. Na kama angempiga alipokuwa mtoto katika lile shati la kitani, je, ingekuwa picha ya kweli? Ingekuwa kweli, bila shaka. Lakini ingemweleza zaidi bwana aliyeligawa shati kuliko mtoto aliyelivaa. Mimi nalikaa juu ya jambo hili jioni nyingi.

Alipokuwa huru, Douglass alipigwa picha mara nyingi ajabu. Wataalamu waliozikusanya wamehesabu picha zipatazo 160, nao wanasema hakuna Mmarekani wa karne ya 19 aliyepigwa zaidi yake, hata Rais Lincoln. Karibu katika zote amevaa koti zuri la giza, na shati jeupe, na tai. Hacheki, wala hatazami chini. Alisema wachoraji weupe hawawezi kumchora mtu mweusi bila kuikuza midomo na kuipotoa pua, kwa kuwa wamekwisha kuwa na sura yake kichwani kabla ya kumtazama. Kamera haikuwa na chuki hiyo. Mwaka 1861, vita vya Marekani vilipokuwa vikiendelea, yeye alisimama Boston akatoa hotuba nzima juu ya picha, jambo lililowashangaza waliotazamia habari za vita peke yake.

Katika miaka ile ile alikuwako Sojourner Truth, mama aliyekuwa mtumwa katika jimbo la New York, asiyejua kusoma wala kuandika. Yeye aliuza picha zake ndogo katika mikutano, akapata riziki kwa fedha hizo. Mwaka 1864 akaziandikisha kwa jina lake mwenyewe ili mtu mwingine asizichape, jambo lililokuwa geni, kwa kuwa mpiga picha ndiye aliyehesabiwa kuwa mwenye mali. Alivaaje? Kofia nyeupe ya kitambaa, shali mabegani, gauni la kawaida lenye heshima, na mara nyingi sindano na uzi wa kufumia mkononi. Hakuvaa hariri wala hakuvaa matambara. Wako waliotaka kumwona katika nguo za utumwa, na huenda picha hizo zingeuzika zaidi. Hakuwapa.

Sina budi kutaja pia habari ya Booker T. Washington, kwa sababu inafanana na koti langu kwa namna ya kinyume. Katika kitabu chake cha mwaka 1901 anasimulia kwamba shati jipya la kitani walilovaa watoto wa watumwa huko Virginia lilichoma mwili kama miiba mia. Kaka yake John alimhurumia, akalivaa yeye lile shati jipya siku kadhaa mpaka likalainika, kisha akampa mdogo wake. Kumbe ndugu kuvaliana nguo si jambo lililoanza kwangu.

Mwaka 1900 yakafanyika maonyesho makubwa ya dunia huko Paris, na mwalimu W. E. B. Du Bois akapeleka humo vitabu vya picha 363 za Weusi wa jimbo la Georgia. Nyingi zilipigwa na Thomas Askew wa mji wa Atlanta. Wamo wanawake wenye ukosi wa lesi na mabwana wenye miwani, na watoto wenye soksi zilizovutwa hata magotini. Ilikuwa miaka 35 tu baada ya utumwa kukomeshwa, na katika magazeti ya nchi ile mtu mweusi alichorwa kama mzaha. Du Bois hakuandika hata majina chini ya picha nyingi. Aliwaacha wageni watazame. Sijui njia ya kuuliza kama kila ukosi ule wa lesi ulikuwa mali ya aliyeuvaa.

Tukirudi shuleni, mavazi ya siku ya kumaliza yalikuwa mzigo hata kwa weupe. Mwanzoni mwa karne ya 20 magauni ya wasichana yalikuwa ya gharama nyingi, hata wengine wakaona haya kufika, na shule kadhaa zikatoa amri wasichana washone magauni yao wenyewe kwa kitambaa cha pamba, bei isizidi kiasi kilichowekwa. Vyuo vikuu vilikuwa vimekwisha kukubaliana mwaka 1895 juu ya kanuni ya joho na kofia ya pembe nne, na polepole shule za sekondari zikaiga. Joho hufunika suruali yenye kiraka sawasawa na suruali mpya.

Na sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nicheke peke yangu usiku. Katika karne ya 20 wapiga picha wa shule za Marekani walianza kuja na mavazi yao. Kwa wasichana walileta kitambaa cheusi cha mahameli, kikazungushwa mabegani na kubanwa mgongoni, na pengine ushanga wa lulu wa kuazima. Kwa wavulana walileta koti jeusi la karamu na tai ya kipepeo. Mtoto aliketi, akavikwa, akapigwa, akavuliwa, akaketi wa pili. Chini ya kiti mvulana alikuwa na suruali yake ya kazi, maana kamera iliishia kifuani. Mtoto wa daktari na mtoto wa mfagiaji wakaingia katika ukurasa mmoja hali wamevaa koti lile lile. Desturi hiyo ingaliko katika shule nyingi. Nchi yenye matajiri wengi hivyo nayo ina koti langu!

Liko neno moja la ufundi ambalo latuhusu sisi hasa wenye ngozi nyeusi. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak ilipeleka kwa wasafishaji wa picha kadi ya mfano yenye sura ya mwanamke wa kizungu, ambayo wafanya kazi waliiita Shirley, na rangi za picha zote zikasawazishwa kwa ngozi yake. Mtoto mweusi aliyepigwa pamoja na wenzake weupe alitoka giza, yakaonekana macho na meno. Wazazi walinung'unika. Lakini kampuni ilisukumwa zaidi na watengenezaji wa chokoleti na wauzaji wa samani za mbao, walioona bidhaa zao hazitoki vema. Ndipo filamu zikatengenezwa upya ziweze kuonyesha kahawia na nyeusi kwa namna zake nyingi. Naomba msomaji asome tena sentensi hiyo. Hata leo mpiga picha akipima mwanga kwa shati jeupe, uso mweusi huingia kivulini. Yule wetu wa mjini aliniambia koti langu lilimrahisishia kazi, maana lilifunika sehemu kubwa ya shati.

Nikadhani nimekwisha kumshinda mzee. Lakini habari mbili za juzi zilinirudisha nyuma. Mwaka 2009, katika jimbo la Mississippi, msichana mmoja alikataa kitambaa cha mahameli, akapigwa picha kwa koti la kiume. Shule ikaiacha picha yake nje ya kitabu. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 2011 wakapatana kwamba tangu hapo wote, wavulana na wasichana, wavae joho na kofia. Tena mwaka 2021, katika jimbo la Florida, shule moja iligeuza picha za wasichana 80 bila kuwauliza, ikawaongezea nguo kifuani kwa ufundi wa kompyuta, na kazi yenyewe ikafanywa vibaya. Wazazi wakakasirika, na shule ikajitolea kurudisha fedha za vitabu. Mtu aweza kuwa na mawazo yake juu ya nguo za wale mabinti. Mimi naona mtoto aliyeamka asubuhi, akachagua, akajitazama kiooni, kisha akakuta kitabuni mtu mwingine amemvika.

Hapo nalikumbuka siku yetu. Douglass alichagua. Yule mama wa New York alichagua, na haki ya picha akaishika mkononi mwake. Mimi nilivua koti nikawavika wavulana 11, wala sikumwuliza hata mmoja.

Basi nikawauliza, ingawa nimechelewa. Tisa walisema walilitaka koti, na mmoja akaongeza kwamba alitamani liwe na kalamu mfukoni. Wa kumi alisema lilinuka dawa ya nondo. Wa 11, aliyekuwa mjukuu wa yule mzee, alikaa kimya kitambo, kisha akasema alikuwa amevaa ndani fulana ya sufi aliyofumiwa na dada yake kwa ajili ya siku ile, yenye mstari wa kijani, na koti likaifunika.

Nalikwenda kwa mzee jioni ile ile. Nikamwamkia, nikamweleza habari hizi zote tangu Paris hata Florida, naye akasikiliza mpaka mwisho huku akichonga mpini. Alipenda zaidi habari ya baharia garini, akanitaka niirudie. Kuhusu koti hakusema kwamba amekosa, wala mimi sikumwambia kwamba amekosa. Aliniuliza kama yule mpiga picha atakuja tena kabla ya mvua.

Alikuja mwezi wa Novemba. Mtoto akapigwa mara ya pili, na fulana yake yenye mstari wa kijani, akiwa amesimama mlangoni mwa nyumba yao. Na gharama nikailipa mimi. Siku hizi picha zote mbili zimetundikwa ukutani kwa mzee, ile ya koti upande wa kushoto. Nilipomwuliza kwa nini hakuiondoa, alisema fremu alikwisha kuinunua.

Koti nimelirudisha kwenye msumari wake. Mkono wa kulia, kwa ndani, pale tulipoukunja, pana doa la wino ambalo halitoki kwa sabuni.